Folda ya Zisiguswe

Mtaani walimwita Folda, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Alikuwa mtu wa nyimbo. Miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye kibanda cha mbao kati ya kinyozi na fundi viatu, kompyuta mbele, feni mgongoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: unamletea flashi au memori kadi ya simu, unamtajia nyimbo unazotaka, anakuingizia. Kama jina la wimbo hulijui, unamwimbia. Kama kuimba huwezi, unampigia mluzi. Kama hata mluzi umekushinda, basi unamweleza hivyo hivyo: "Ule wa yule jamaa anayelia kaachwa, halafu gitaa linaingia." Folda anafumba macho kidogo, mkono unatembea, na kabla hujakaa vizuri kwenye benchi wimbo unalia.

Watu walikuwa wakimuuliza, hivi wewe unawezaje? Naye alijibu kwa majivuno ambayo, tuseme ukweli, alikuwa na haki nayo: "Kwangu hakipotei kitu."

Sasa, mpangilio wenyewe aliujua yeye peke yake. Wenzake walipanga nyimbo kwa majina ya waimbaji. Folda alipanga kwa majina ya waombaji. Kulikuwa na folda ya Madereva, folda ya Saluni, folda ya Walioachwa, folda ya Walioachwa Wakarudiana, na folda ya Mzee wa Bucha peke yake, maana mzee wa bucha alikuwa na masharti. Ndani ya folda mna folda, na ndani ya hizo mna nyingine. Kulikuwa na Mpya, na Mpya Mpya, na Mpya Kabisa, na Kopi ya Mpya, na moja iliyoitwa Hizi Nitazipanga Kesho, ambayo ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Kwa jumla nyimbo elfu sabini na ushei. Ukiingia humo bila yeye, hutoki.

Halafu watu wakaacha kuja. Hakugombana na mtu, wala hakufanya kosa. Simu zilipata intaneti, basi; mtu anautaja wimbo, unalia mkononi mwake, benchi la Folda la nini tena? Kinyozi alihama. Fundi viatu alifariki. Folda akawa anashinda kibandani akipangusa vumbi kwenye kibodi, mpaka siku moja alipoipakia kompyuta kwenye mkokoteni na kuirudisha nyumbani, akaiweka sebuleni juu ya meza ya kulia, jirani na pazia linalotenga chumba cha kulala. Hakulalamika sana, kwa sababu wakati huo alikuwa na jambo zito kuliko biashara. Nyuma ya pazia alikuwa amelala mkewe.

Mkewe alikuwa mwanamke wa sauti, na hapa sizungumzii kuimba peke yake. Akimkemea muuza maji, nyumba ya nne wanajua maji leo ni machafu. Akicheka, paka wa jirani anashuka ukutani. Na alikuwa akiimba akifua, akiimba akifagia, akiimba akipanga mafungu ya nyanya nje ya mlango, mpaka Folda akawa anamtania, "Bibie, mimi nauza nyimbo, wewe unagawa bure, tutakula nini?" Hawakujaaliwa mtoto. Nyumba yao ilijazwa na sauti hiyo.

Ikaja ndwele ya koo. Madaktari walikata wakatoa, na walichotoa ndicho kilichokuwa kinapitisha sauti. Alirudi nyumbani na tundu dogo shingoni la kuvutia pumzi, akapewa daftari la shule na penseli. Akitaka kuita anagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Mara moja, maji. Mara mbili, njoo. Mara tatu, njoo upesi we mzee, au umeziba masikio? Waliyazoea maisha hayo kwa miaka miwili, na katika hiyo miwili walikuwa wamecheka pia, msidhani ni kilio tu. Lakini ndwele ilirudi, safari hii mapafuni, na daktari aliwaambia waende nyumbani, mgonjwa apewe chakula anachokipenda. Mtu mzima hahitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Mdogo wake mkewe alihamia pale kumuuguza. Shemeji huyu alikuwa na ulimi mkali na mikono laini, akimgeuza dada yake kitandani huku akimsuta Folda kwa jambo hili au lile, ili nyumba isinyamaze.

Asubuhi moja kikombe kiligongwa mara mbili. Folda aliinua pazia akaingia. Mkewe alikuwa amekaa, mgongo kwenye mto, daftari magotini. Alikuwa ameandika: "Nimesahau sauti yangu."

Folda alisoma, akamtazama, akasoma tena. Chini yake palikuwa na mistari mingine. "Nikilala najaribu kuikumbuka. Naisikia ya mama. Naisikia ya mdogo wangu. Yangu haiji. Ile uliyonirekodi ipo?"

"Ipo!" alisema Folda. Alijibu haraka hivyo hivyo alivyokuwa akiwajibu wateja. "Kwangu kitu kinapotea, bibie?"

Mkewe aliandika: "Niisikie kabla sijaenda."

"Utaisikia," alisema Folda. Akatoka nje ya pazia, akasimama mbele ya kompyuta, na hakuwa na habari rekodi iko wapi.

Rekodi yenyewe ilikuwepo kweli, hilo halina shaka. Ilikuwa mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Mkewe alikuwa jikoni anapeta mchele na kuimba wimbo mmoja uliokuwa midomoni mwa kila mwanamke mwaka ule, ule unaosema aliyeniahidi kesho, kesho yake haijafika. Folda aliiweka redio kaseti nyuma ya mlango, akabonyeza taratibu. Wimbo ulipofika mwisho, mkewe aliiona taa nyekundu, akacheka kicheko chake kile, akapiga kelele, "Zima hiyo, bwana wewe!" na kumrushia ungo. Alikataa katakata kuisikiliza. Alisema akijisikia ataona haya, ataacha kuimba. Basi hakuisikia siku ile, na wala hakuisikia siku nyingine yoyote. Kanda zilipopitwa na wakati, Folda aliihamishia kwenye kompyuta pamoja na nyingine, kisha lile rundo zima la kanda akalitoa kwa watu wanaokusanya plastiki. Na kwa kuwa wateja walikuwa wanaikodolea macho skrini yake, wakiona jina lenye utamu wanasema niwekee na huo, aliificha rekodi ya mkewe mahali ambapo hakuna mteja atakayeiomba, na kwa jina ambalo hakuna mteja atakayelitamani. Alificha vizuri kweli kweli. Aliificha mpaka na yeye mwenyewe asiione.

Alianza na kisanduku cha kutafutia. Aliandika "mke". Zikamiminika nyimbo mia mbili na kumi za wanaume wanaowalalamikia wake zao. Aliandika "nyumbani", akapata wote waliosafiri wakakumbuka kwao. Aliandika "jikoni", zikaja nyimbo tatu, zote za kucheza, na wala hazihusu jiko. Aliandika jina la wimbo wenyewe, zikaja rekodi arobaini na moja: za bendi, za kwaya, za watoto wa shule, za kinanda kitupu. Alizisikiliza zote. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mkewe.

Akasema, nitapanga kwa tarehe. Akabonyeza, mafaili yakajipanga, na yote elfu sabini yakawa na tarehe moja. Ilikuwa siku ile aliyohamisha nyimbo kutoka kompyuta ya zamani kuja hii. Kwa mashine, zote zilikuwa zimezaliwa siku hiyo. Akasema, basi nitapanga kwa urefu, maana nakumbuka ilikuwa kama dakika nne. Sasa niambie, ni wimbo gani duniani usio wa dakika nne?

"Mganga hajigangi," shemeji alisema, amebeba beseni. "Mji mzima umewatafutia. Leo zamu yako."

"Shemeji, niache."

"Nikuache mara ngapi? Wewe tafuta. Dada hana wiki nyingi."

Ikabaki njia moja, ya kijinga, ya kufungua faili moja moja. Sekunde tano za kila wimbo, kisha unaofuata. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya hospitali: akianza baada ya chai asubuhi na kuacha jioni, bila kusinzia, siku kumi na mbili. Alivuta kiti, akafungua folda ya Madereva, akaanza.

Siku za mwanzo zilikuwa na raha yake. Mkewe alikuwa akisikiliza kutoka nyuma ya pazia, na ukipita wimbo anaoupenda, kikombe kinagongwa, naye Folda anauacha mpaka mwisho. Siku ya pili kiligongwa mara tatu kwa fujo, Folda akakimbia ndani, kumbe mkewe ameandika: "Huo wa mzee wa bucha utoe, unaniumiza kuliko ugonjwa." Walicheka, yeye kwa sauti, mkewe kwa mabega. Shemeji akasema hawa watu wana wazimu, hata kifo kitawaona kitageuka mlangoni.

Kifo hakikugeuka. Siku ya tano mkewe hakuweza kukaa tena, wakamwekea mito miwili. Siku ya saba alikataa uji. Kikombe kikawa kinagongwa mara chache, na kwa kugusa tu, ikabidi Folda apunguze sauti ya spika ili akisikie. Aliona kabisa kwamba kulikuwa na mbio mbili ndani ya nyumba ile, na yake ndiyo ilikuwa ya kobe. Aliacha kula mezani kwa sababu meza ilikuwa na kompyuta. Alikuwa akikaa pale na sahani mapajani, mkono mmoja unabonyeza. Folda ya Saluni ikaisha. Walioachwa ikaisha. Hizi Nitazipanga Kesho ilimla siku mbili nzima, na kila alipofungua kipande chake kipya alijitukana, alijiita mzembe, mjinga, mzee ovyo, na alimaanisha.

"Shemeji," alisema siku ya tisa, kwa sauti ya chini, "kama nilishaifuta je?"

Shemeji alikuwa anakamua kitambaa. Hakumsuta. "Hujaifuta," alisema. "Endelea."

Siku ya kumi na moja, saa nne za asubuhi, shemeji alikuwa amemtoa dada yake uani kumwogesha na kumpa jua kidogo. Folda alibaki peke yake. Zilikuwa zimebaki folda mbili, akafungua ile iliyoitwa Zisiguswe. Humo alikuwa ameweka nyimbo adimu, zile ambazo mji mzima hazipatikani ila kwake. Akashuka ndani, akashuka ndani zaidi, na kwenye folda ya mwisho kabisa akakuta faili nne: Jaribio la Spika 1, mpaka Jaribio la Spika 4. Alipoiona ile ya nne alijua. Mwili ulijua. Akabonyeza.

"FOLDA! FOLDA! NYIMBO ADIMU NI KWA FOLDA PEKE YAKE! UKIIKUTA KWINGINE, IMEIBWA!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya ujana, ya kujitapa, inapasua spika. Na chini ya kelele hizo, kwa mbali, ilianza kutoka sauti ya mwanamke na mchele unaochakacha kwenye ungo.

Kwa wasiojua kazi hii, acha nieleze. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza nyimbo mwenzake, waliyemwita Nakala. Kila Folda akipata wimbo adimu, Nakala anamtuma ndugu yake auchukue kwa flashi, na kesho unauzwa ng'ambo. Dawa ya wezi wa namna hiyo, katika biashara hiyo, ni muhuri wa sauti. Unajirekodi unapiga kelele jina lako, unaichanganya kelele hiyo na wimbo wenyewe, mwanzoni, mwishoni, na kila baada ya sekunde ishirini. Akiiba, aibe na tangazo lako. Folda aliutia muhuri kwenye Zisiguswe. Aliiamuru programu ivipige muhuri vyote vilivyomo, folda na folda zilizo ndani ya folda. Programu ikamuuliza, niweke hizi mpya juu ya zile za zamani? Diski ilikuwa imejaa. Akabonyeza Ndiyo, akaenda kula. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha, akafurahi, akaenda mpaka kwenye benchi la kinyozi kujisifu. Wala halikumjia kabisa wazo kwamba mtu mwenye folda inayoitwa Zisiguswe, akiwa na kitu kimoja asichotaka kiguswe maishani, atakiweka humo humo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sauti ya mkewe ilikuwa inatoka, inapanda, unaanza kuishika, na kelele inaingia. Aliyeniahidi kesho, FOLDA! FOLDA! Na pale mwisho, penye kicheko na "zima hiyo, bwana wewe", pale alipopasubiri akiwa ameshika meza kwa mikono miwili, palikuwa pamefunikwa pote. IMEIBWA!

Hakulia. Alijipiga kofi, kofi la kweli, kama anavyopigwa mwizi. Kisha aliposikia miguu ya shemeji inarudi, akazima spika.

"Bado?" shemeji aliuliza.

"Bado kidogo," alisema Folda.

Mchana ule ule aliiweka rekodi kwenye flashi, akaenda kwa fundi wa studio, kijana anayerekodi kwaya kwenye chumba kilichobandikwa treya za mayai kuta zote. Fundi alivaa hedifoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Mzee, huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Mimi."

"Na anayeimba?"

"Mke wangu. Hawezi kusema tena. Anaumwa sana, fundi. Nataka uniondoe humo, abaki yeye."

Fundi alivua hedifoni, akaishika mkononi. "Ile ya mwanzo, isiyo na kelele, huna?"

"Sina."

"Kanda?"

"Sina."

"Diski nyingine, simu, ndugu yeyote mliyempa?"

"Nilikuwa sitaki aipate mtu."

"Basi mzee wangu," fundi alisema, na alisema kwa adabu, "chai ukishaitia maziwa, huyatoi. Ninachoweza ni kukata. Nitatupa pale penye kelele, nishone yaliyobaki."

Folda alikubali, angefanyaje? Alikaa kwenye kigoda akaangalia sauti ya mkewe kwenye skrini ikikatwa vipande, sekunde kumi na tatu hapa, kumi na tatu pale. Fundi alikuwa mtu wa roho nzuri, akaona asiishie hapo. Akaisafisha, akaondoa mvumo wa kanda, akaondoa na ule mchakacho wa mchele, akaing'arisha mpaka ikawa kama imeimbwa studio. "Haya," alisema, "hii hata redioni inapita." Folda alishukuru. Njiani alikuwa akiishika flashi mfukoni kila baada ya hatua chache.

Asubuhi iliyofuata walimpandisha mkewe kwenye mito. Shemeji alimfuta uso, akamfunga kitambaa kizuri, na akaenda kusimama dirishani. Folda aliivuta spika mpaka ndani ya pazia, akaiweka kitandani, karibu na sikio.

"Haya bibie," alisema. "Nimeipata."

Mkewe alifumba macho. Wimbo ukalia. Ulikuwa unaruka, neno hili linapotea, lile linakuja, aliyeniahidi, halafu haijafika, kesho yenyewe imeachwa njiani. Lakini sauti ilikuwa safi, changa, ya juu. Mkewe alisikiliza bila kujitikisa, uso umelegea, na Folda alikuwa akimtazama kope tu, akimwomba Mungu. Wimbo uliisha ghafla, kama ulivyokatwa. Mkewe alifumbua macho, akaonyesha daftari.

Aliandika polepole, mkono hauna nguvu. "Anaimba vizuri." Akapumzika. Kisha akaandika: "Ni nani?"

"Ni wewe!" alisema Folda. "Bibie, ni wewe! Jikoni, ule mwaka wa kwanza, ukanirushia ungo!"

Mkewe alimtazama. Hakuwahi kujisikia kutoka nje. Sauti yake aliijua kwa ndani tu, kama mtu anavyoijua yake, nzito, inayojaa kichwani. Huyu alikuwa binti fulani mwenye sauti nyembamba. Na hapa sina budi kumwaga siri ya Folda niliyokuwa namsitiri. Ni kweli alikuwa akipata nyimbo. Lakini siku alipokosa, hakusema nimekosa. Alimpa mteja wimbo unaofanana, wa mtu mwingine, na kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ndio wenyewe, ila huu ni wa zamani kidogo, ndiyo maana unausikia tofauti. Wateja waliondoka wameridhika. Mkewe alikuwa akimgombeza kwa tabia hiyo kila siku, miaka yote.

"Muulize mdogo wako!" Folda alimgeukia shemeji. "Shemeji, mwambie. Si dada yako huyu?"

Shemeji pale dirishani alikuwa ameshika pazia la dirisha. Miaka ile ya kwanza alikuwa akiishi mbali, na tangu hapo ni mingi. Na sauti iliyong'arishwa hivyo, bila mchele, bila kicheko, nani angeijua? Alichelewa. Kidogo tu, pumzi moja. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo dada. Ni wewe kabisa."

Mkewe alitabasamu. Aliandika: "Mmepanga nyinyi wawili."

"Wallahi bibie, haki ya Mungu, nife hapa hapa kama nadanganya!"

Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kujizamisha, maana viapo hivyo mkewe alivijua mpangilio wake. Alinyoosha mkono akamfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, bila hasira yoyote. Kisha akaandika, na herufi zilikuwa zinapanda na kushuka: "Nakujua mume wangu. Umeikosa, umeniletea inayofanana. Si kitu. Siku bado zipo. Itafute."

Folda aliisoma. Alifikiria kumpigia ile nyingine, ile yenye kelele, amwambie kila kitu: iko hivi, niliiharibu mimi, kicheko chako nilikifunika kwa mkono wangu, na zaidi ya vipande hivi duniani hakuna. Labda angeamini. Na akiamini, atakuwa amepata nini? Vipande vya binti asiyemjua, na habari kwamba yake nzima haipo tena. Asipoamini, basi bado iko mahali, nzima, inamngoja. Alisimama pale ameshika daftari, na shemeji akawa anamtazama.

"Sawa bibie," alisema mwishowe. "Kweli nimekosa. Nilikuwa nakudanganya."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, kama anayesema, nilijua tu. Alionekana ameridhika.

Folda aliichomoa flashi akaitia mfukoni, akairudisha spika sebuleni, akaliacha pazia wazi ili mkewe asikie vizuri. Akavuta kiti, akafungua folda ya Madereva, wimbo wa kwanza, sekunde tano, wimbo wa pili, sekunde tano, akaanza upya kutafuta kitu alichokuwa nacho mfukoni.